Wanazuoni, wanasayansi na washairi wa Uajemi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mazungumzo yakifika kwa Ibn Sina, Rumi au Omar Khayyam. Mengine huulizwa kwa kutaka kujua, mengine kwa kutaka ubishi. Tumeyajibu yote, ila hayakupata nafasi sawa.

Uajemi ndio Iran?

Si hasa. Iran ni nchi yenye mipaka na bendera, na tangu 1935 ndilo jina iliyotaka mataifa mengine yalitumie badala ya Persia. Uajemi wa wanazuoni ni mpana kuliko hapo. Ni kila mahali ambako Kiajemi kilikuwa lugha ya ikulu, ya barua na ya mashairi: Shiraz na Isfahan, naam, lakini pia Balkh na Ghazna zilizo Afghanistan ya leo, Bukhara na Samarkand zilizo Uzbekistan, na Panjakent iliyo Tajikistan. Hata leo lugha hiyo ina majina matatu. Iran inaitwa Farsi, Afghanistan inaitwa Dari, na Tajikistan inaitwa Kitajiki, ambako huandikwa kwa herufi kama za Kirusi. Mtu wa Kabul na mtu wa Tehran huelewana vizuri tu, kila mmoja akimcheka mwenzake matamshi.

Neno letu "Ajemi" limetoka kwa Waarabu. Kwao *ajam* alikuwa mtu yeyote ambaye Kiarabu hakimtoki sawasawa ulimini, kisha jina likawaganda Waajemi zaidi ya wengine.

Basi nani ana haki ya kusema "huyu ni wetu"?

Hapo ndipo watu hukunja mikono ya kanzu. Chukua Rumi: asili yake ni Balkh, amezikwa Konya nchini Uturuki, na ameandika kwa Kiajemi. Mwaka 2016 Iran na Uturuki zilipotaka kuipeleka kazi yake kubwa UNESCO kama urithi wao wa pamoja, Afghanistan ilikuja juu. Ibn Sina amezaliwa karibu na Bukhara akazikwa Hamadan, kwa hiyo Uzbekistan, Tajikistan na Iran zote zina sanamu zake. Mimi naona swali lenyewe limekosewa. Watu hawa waliishi kabla ya pasipoti, na walihama kumfuata mfalme anayelipa au kumkimbia anayechinja. Kinachowaunganisha ni lugha na vitabu walivyosomeana.

Mbona shuleni tuliambiwa Al-Khwarizmi na Ibn Sina ni Waarabu?

Kwa sababu waliandika kwa Kiarabu na majina yao yana sura ya Kiarabu. Kiarabu kilikuwa lugha ya elimu kutoka Andalusia hadi mipaka ya China. Mhadhiri wa Dodoma akiandika makala yake ya fizikia kwa Kiingereza, hakuna anayemwita Mwingereza.

Kuna waliofika mbali zaidi. Al-Biruni, ambaye lugha ya mama yake ilikuwa Kikhwarizmi, aliandika kwamba ni heri atukanwe kwa Kiarabu kuliko asifiwe kwa Kiajemi. Aliona Kiajemi kinafaa hadithi za wafalme na masimulizi ya usiku, si sayansi. Na aliyewaandikia Waarabu sarufi ya lugha yao alikuwa Mwajemi wa karibu na Shiraz, Sibawayh, aliyefariki karibu na mwaka 796. Kitabu chake kiliheshimiwa hata kikakosa jina jingine. Kinaitwa *Al-Kitab*, yaani Kitabu, basi.

Imamu Bukhari, mkusanya hadithi, naye?

Jina lake limeshajibu: mtu wa Bukhara, aliyezaliwa 810 na kufariki 870. Nasaba yake inaishia kwa Bardizbah, anayetajwa kuwa Mmajusi. Mwenzake Muslim, aliyefariki 875, alikuwa mtu wa Nishapur, ingawa nasaba yake huunganishwa na kabila la Kiarabu la Qushayr, hivyo wengine hawamhesabu kati ya Waajemi. Mfasiri wa Kurani na mwanahistoria al-Tabari alizaliwa 839 Amol, chini ya milima ya kusini mwa Bahari ya Kaspi. Al-Ghazali (1058–1111), ambaye *Ihya* yake si ngeni katika darasa za misikiti ya pwani yetu, alikuwa wa Tus. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo cha Lamu au Unguja amekua na vitabu vya watu wa upande huo, hata kama hakuna aliyemwambia.

Al-Khwarizmi aligundua aljebra kweli?

Kutafuta namba isiyojulikana kulikuwepo kabla yake. Wababeli walifanya, Wagiriki walifanya, Wahindi walifanya. Alichofanya yeye, akiwa Baghdad zama za khalifa al-Ma'mun (813–833), ni kuigeuza kazi hiyo kuwa elimu yenye utaratibu. Aliigawa milinganyo katika aina sita, kila aina akaipa njia yake, kisha akathibitisha kwa kuchora miraba kwamba njia inafanya kazi. Neno *al-jabr* lililo katika jina la kitabu lina maana ya kurudisha kilichopungua. Ndilo pia walilotumia kwa kuunga mfupa uliovunjika.

Wanafunzi wanaoichukia x wajue kwamba humo hamna x hata moja. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno, na namba isiyojulikana inaitwa tu "kitu". Na sehemu kubwa ya kitabu, ile ambayo wafasiri wa Kilatini hawakuwa na haja nayo, inahusu mirathi: mtu amefariki, ameacha mke, watoto na wasia wa sehemu fulani kwa mgeni, kila mmoja apate kiasi gani? Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kugawa shamba la minazi la marehemu ataona aljebra ilizaliwa pahali pake.

Jina lake lilipoandikwa kwa Kilatini likawa *Algoritmi*. Hapo ndipo yalipotoka maneno algoriti na algorithimu. Anayelalamika kwamba algoriti ya simu yake haimwonyeshi video nzuri anamtaja, bila kujua, mtu wa Khwarizm, eneo lililo Uzbekistan na Turkmenistan ya leo.

Al-Razi alifanya nini?

Alitenganisha ndui na surua. Kabla ya kijitabu chake madaktari waliyachanganya maradhi hayo. Yeye alieleza dalili za kila moja kwa mpangilio wa mtu aliyekaa kando ya vitanda vingi. Alizaliwa Ray, jirani na Tehran ya leo, akafariki karibu na 925, na alisimamia hospitali huko na Baghdad. Kuna kisa kwamba alipoulizwa hospitali ijengwe wapi, alitundika vipande vya nyama mitaa mbalimbali na kuchagua pale nyama ilipochelewa kuoza. Kisa kinaweza kuwa kimetiwa chumvi, lakini kinalingana na tabia yake.

Ni kweli Ibn Sina alikuwa tabibu akiwa na miaka 16?

Amesema mwenyewe, katika maisha yake aliyomsimulia mwanafunzi wake al-Juzjani, na hakuwa mtu wa kujishusha. Anasema tiba si katika elimu ngumu, ndiyo maana aliimaliza kwa muda mfupi. Alizaliwa 980 katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, akahifadhi Kurani akiwa na miaka 10. Kilichomshinda ni kimoja: *Metafizikia* ya Aristotle. Aliisoma mara 40 hadi akaijua kwa moyo, na bado hakuielewa. Siku moja alasiri, sokoni kwa wauza vitabu, dalali akamng'ang'aniza kitabu kidogo kwa dirhamu tatu. Alikikataa, dalali akashikilia, mwisho akanunua. Kilikuwa cha al-Farabi, kikieleza makusudio ya kitabu kile kile. Alikisoma usiku huo, akaelewa, na kesho yake akatoa sadaka kwa furaha.

Alipomtibu amiri wa Bukhara, Nuh bin Mansur, aliomba aruhusiwe kuingia maktaba ya ikulu, na huko ndiko alikoshiba. Baadaye dola hiyo ya Wasamani ilianguka, naye akaanza maisha ya kuhamahama: waziri leo, mfungwa kesho. Aliandika ngomeni akiwa kifungoni, aliandika usiku baada ya kazi za serikali, alimsomea mwandishi wake akiwa juu ya farasi. *Al-Qanun*, kitabu chake cha tiba chenye vitabu vitano ndani yake, kilitafsiriwa kwa Kilatini karne ya 12 na Gerard wa Cremona, na vyuo vikuu vya Ulaya viliendelea kukifundishia hadi karne ya 17. Yaani kilidumu darasani karibu miaka 500.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha kijana wa Gorgan aliyelala kitandani bila ugonjwa wowote kuonekana. Ibn Sina alimshika mkono kwenye mshipa, akamwita mtu anayeijua mitaa ya mji na kumwambia aitaje mmoja mmoja. Ulipotajwa mtaa fulani mshipa ukaruka. Wakaanza kutaja nyumba za mtaa ule, kisha majina ya waliomo, na kwa jina moja mshipa ukaruka tena. "Huyu," akasema, "amempenda msichana huyo, dawa ni kumwona." Kisa hiki kimeandikwa zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake, kwa hiyo kimeze kwa maji. Lakini ndani ya *Al-Qanun* mwenyewe anaeleza njia hiyo hiyo ya kumgundua mpenzi kwa mapigo ya mshipa.

Alifariki 1037 Hamadan kwa maradhi ya tumbo, akijitibu mwenyewe.

Al-Biruni alipimaje dunia bila satelaiti?

Kwa mlima mmoja, uwanda na pembe. Wagiriki na watu wa al-Ma'mun walipima kwa kutembea masafa marefu jangwani. Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarizm mwaka 973, alikuwa kwenye ngome ya Nandana, Punjab, Pakistan ya leo. Kwanza alipima urefu wa mlima akiwa chini, kwa pembe mbili kutoka sehemu mbili. Kisha akapanda juu, akatazama upeo wa macho kule uwandani na kupima umeinama kiasi gani chini ya mstari ulionyooka. Dunia ingekuwa bapa, upeo usingeinama hivyo. Kwa kuwa ni mviringo, mwinamo ule mdogo pamoja na urefu wa mlima vinatosha kukupa nusu kipenyo cha dunia. Ukibadilisha dhiraa zake kwa namna inayokubaliwa na wengi, unapata takribani kilomita 6,340. Kipimo cha leo ni 6,371. Wapo wanaobishana kuhusu urefu wa dhiraa yake, na wana haki. Ila njia yenyewe haina wa kuibisha.

Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote, nakiri. Alifuatana na majeshi ya Sultani Mahmud wa Ghazna hadi India, na badala ya kuhesabu ngawira akajifunza Kisanskriti, akakaa na wasomi wa Kihindu, akaandika kitabu kizima akieleza imani zao kama wao wenyewe wanavyozieleza. Tena aliandika bila kuficha kwamba uvamizi wa Mahmud uliivunja neema ya nchi ile na kuwatawanya watu wake kama mavumbi.

Sisi pia tumo kitabuni humo, kwa mstari mmoja. Akizungumzia Somnath, bandari ya Gujarat, anasema ni kituo cha wanaosafiri kati ya Sofala ya nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, na China.

Akiwa kijana aliandikiana na Ibn Sina kuhusu mbingu, joto na mwanga. Barua zilianza kwa adabu, zikapanda moto, hadi Ibn Sina akamwachia mwanafunzi wake amalizie kujibu.

Omar Khayyam alikuwa mwanahisabati au mlevi?

Mwanahisabati, kwa ushahidi wa maandishi yake. Ulevi ni kesi isiyo na shahidi. Alizaliwa Nishapur 1048 na kufariki 1131. *Khayyam* ni mshona mahema. Ni neno lile lile lililotupa "hema". Aliiainisha milinganyo ya kipeo cha tatu na kuitatua kwa kukatisha mikunjo ya jiometri, parabola kwa duara, na kadhalika.

Mwaka 1074 Sultani Malik-Shah alimwita yeye na wanafalaki wenzake Isfahan kurekebisha kalenda, na 1079 kalenda ya Jalali ikaanza. Tatizo walilolitibu ni hili: mwaka wa kale wa Waajemi ulikuwa siku 365 kamili, na kwa kuwa jua halimalizi mzunguko wake kwa siku 365 kamili, Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, ilikuwa ikiteleza siku moja kila miaka minne. Wao wakaifunga kwenye siku ya machipuko ambapo usiku na mchana hulingana. Kalenda ya Iran ya leo, iliyopitishwa 1925, imejengwa juu ya wazo hilo, na Nairuzi yao huwa Machi 20 au 21.

Na Nairuzi yetu je? Mwaka wa wavuvi na wakulima wa pwani ya Waswahili ulihesabiwa makumi makumi ya siku hadi 365, bila siku ya nyongeza. Haukupitia mikononi mwa Khayyam. Ndiyo maana umeteleza karne kwa karne, na Mwaka Kogwa wa Makunduchi unasherehekewa Julai.

Na zile rubai zake?

Zinazonasibishwa naye zinapita elfu moja. Zile ambazo wataalamu wanaweza kuzitetea ni chache mno, maana zilianza kunukuliwa vitabuni miaka mingi baada ya kifo chake. Rubai ni ubeti wa mishororo minne ambapo wa kwanza, wa pili na wa nne hukubaliana kwa kina, wa tatu ukaachwa huru, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kutoa neno. Aliyezoea tarbia zetu zenye vina vya kati na vya mwisho ataiona rubai kama imevaa nusu. Umaarufu wa Ulaya aliupata kwa Mwingereza Edward FitzGerald, aliyechapisha tafsiri yake 1859 bila kutia jina. Haikununuliwa, ikaishia kwenye sanduku la vitabu vya senti moja nje ya duka la London, hapo wapita njia wakaiokota. FitzGerald alitafsiri kwa uhuru mkubwa, akiunganisha hii na ile. Shaaban Robert naye akaichukua hiyo ya Kiingereza, akatuachia *Omar Khayyam kwa Kiswahili*. Tuliyenaye, basi, ni Khayyam aliyepita Nishapur, akapita Uingereza, akashukia Tanga.

"Teorema ya Al-Kashi" ndiyo nini?

Ni kanuni ya kosaini. Waliosoma hisabati kwa Kifaransa, Lubumbashi au Bujumbura, wanaijua kwa jina hilo. Waliosoma kwa Kiingereza hawajawahi kulisikia. Jamshid al-Kashi alikuwa mtu wa Kashan aliyefanya kazi Samarkand kwa Ulugh Beg, mtawala aliyependa elimu ya nyota. Mwaka 1424 alikokotoa pai hadi tarakimu 16 baada ya nukta, rekodi iliyokaa zaidi ya karne na nusu. Alifariki 1429.

Wamongolia hawakuua elimu yote?

Waliua watu wengi sana, na miji kama Nishapur, iliyoangamizwa 1221, haikurudi ilivyokuwa. Lakini historia ina vituko. Nasir al-Din al-Tusi (1201–1274) alikuwa ndani ya ngome ya Waismaili eneo la Alamut wakati Hulagu, mkuu wa jeshi la Wamongolia, alipoizingira. Ngome ikaanguka, yeye akaibuka mshauri wa Hulagu huyo huyo. Baghdad ilipoangushwa 1258, Tusi alikuwa upande wa mshindi. Wapo wasiomsamehe hadi leo. Mwaka uliofuata alianza kujenga Maragha kituo cha kuangalia nyota chenye maktaba kubwa, akawakusanya wanafalaki kutoka kila upande. Tusi ndiye pia aliyetoa hila ya jiometri ambapo duara dogo likiviringika ndani ya lingine lenye kipenyo mara mbili, nukta yake moja hupiga mstari ulionyooka kwenda na kurudi. Hila hiyo hiyo imo katika kitabu cha Copernicus cha 1543. Ilimfikiaje bado watu wanatafuta.

Ferdowsi ana umuhimu gani?

Bila yeye huenda Kiajemi kingekuwa lugha ya nyumbani tu. Rudaki, aliyefariki 941, alikuwa ameshawaonyesha watu kwamba Kiajemi kinabeba ushairi mkubwa. Ferdowsi wa Tus akajaza ghala. *Shahnameh*, aliyoimaliza 1010 baada ya miaka zaidi ya 30, ina karibu beti 50,000 za mishororo miwili, zikisimulia wafalme na mashujaa tangu uumbaji hadi Waarabu walipoingia. Kisa kinacholiza watu ni cha Rostam, anayempiga dafrao kijana hodari vitani na kumchoma jambia, kisha anaona mkononi mwake kito alichomwachia mama wa mtoto wake. Sisi tuna Fumo Liyongo, aliyeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Kwao baba ndiye aliyemuua mwana, tena kwa kutojua.

Husimuliwa kwamba Sultani Mahmud alimlipa fedha badala ya dhahabu. Mzee akaingia hamamu, akatoka, akagawa zile fedha kati ya mtumishi wa hamamu na muuza kinywaji. Miaka ikapita, Sultani akajuta, akapeleka mali ya kweli. Ngamia waliingia Tus kwa lango moja, na jeneza la Ferdowsi likitokea kwa lango jingine.

Maneno ya Rumi yanayosambazwa WhatsApp ni yake?

Mengi si yake, au ni yake yaliyooshwa mpaka rangi ikatoka. Tafsiri za Kiingereza zilizouzwa zaidi ni za Mmarekani Coleman Barks, ambaye hakujua Kiajemi. Alizipanga upya tafsiri za wengine. Katika safari hiyo Kurani na Mtume hupungua, mapenzi ya jumla huongezeka. Rumi halisi, aliyezaliwa 1207, alikuwa sheikh wa madhehebu ya Hanafi mwenye darasa Konya, na Wairani humwita Maulana. Mwaka 1244 alikutana na darweshi Shams wa Tabriz, na mwalimu yule mtulivu akageuka mshairi asiyezimika. *Masnavi* yake ina vitabu sita na beti zipatazo 25,000, ikifunguka kwa filimbi ya mwanzi inayolia kwa kukatwa kutoka kwenye matete yake. Alifariki Desemba 17, 1273, na kila mwaka tarehe hiyo Konya hujaa wageni.

Hafez, mshairi wa Shiraz, naye hana bahati zaidi. Ule msemo wa jua lisiloiambia dunia "unanidai" haumo katika diwani yake.

Saadi ndiye wa "Bani Adam"?

Ndiye. Katika *Gulistan*, aliyoiandika Shiraz mwaka 1258, anasema wana wa Adamu ni viungo vya mwili mmoja, kwa kuwa wameumbwa kwa johari moja, na kiungo kimoja kikiumia vingine havipati utulivu. Maneno ya kwanza ya shairi ni *bani adam*: ni "binadamu" wetu, karibu bila kubadilika. Na kitabu chake kingine, cha 1257, kinaitwa *Bustan*, yaani bustani. Msomaji wa Kiswahili anaingia kwa Saadi akiwa tayari na funguo mbili mfukoni.

Wanawake wako wapi?

Wako, ila waandishi wa wasifu wa kale waliwapitia kwa haraka. Rabia wa Balkh alitunga karne ya 10, na kisa cha kifo chake, kwamba kaka yake alimuua kwa sababu ya mapenzi, kimejulikana kuliko mashairi yake. Karne ya 20 hali ilibadilika: Parvin Etesami (1907–1941) kwa mafumbo yenye nidhamu ya kale, kisha Forugh Farrokhzad, aliyefariki kwa ajali ya gari 1967 akiwa na miaka 32, aliyesema wazi mambo ambayo wanawake walitakiwa kuyanong'ona.

Na katika hisabati yupo Maryam Mirzakhani. Alizaliwa Tehran 1977, akapata alama zote katika Olimpiadi ya Hisabati ya Dunia ya 1995, na 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati. Alifanya kazi sakafuni, akichora maumbo kwenye karatasi kubwa hadi binti yake akadhani mama ni mchoraji. Saratani ilimchukua Julai 2017, akiwa na miaka 40. Asubuhi yake baadhi ya magazeti ya Iran yalichapisha picha yake bila mtandio, jambo ambalo huko si dogo.

Washirazi wa pwani yetu wanahusiana na hawa?

Si kwa nasaba ya mshairi yeyote. Mapokeo ya Kilwa yanamtaja Ali bin Hasan kutoka Shiraz, maandishi ya msikiti wa Kizimkazi yana tarehe inayolingana na 1107, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023 ulikuta katika mifupa ya miji ya kale ya Waswahili asili ya Kiafrika, hasa kwa akina mama, na ya Kiajemi kwa akina baba. Saadi na Hafez walizaliwa Shiraz baada ya hapo. Kilichovuka bahari ni maneno: bandari, nanga, dirisha, pamba, serikali, diwani. Mabaharia walileta ya kazi, na hili la mwisho, kwa bahati, ndilo tunaloita vitabu vya mashairi.

Fali ya Hafez hufanywaje?

Hafez wa Shiraz, aliyefariki karibu na 1390, alipata jina kwa kuhifadhi Kurani. Diwani yake imo katika nyumba nyingi za Iran kando ya msahafu, na usiku wa Yalda, ulio mrefu kuliko wote mwezi Desemba, familia hukaa na makomamanga na tikiti maji wakaifungua. Unatia nia moyoni bila kuitaja, unafumba macho, unafungua ukurasa wowote, na ghazali iliyo hapo ndiyo jibu lako. Nje ya kaburi lake Shiraz wapo hata wenye ndege wadogo wanaokuchagulia karatasi kwa mdomo. Kwa kuwa beti zake hazisemi jambo moja, jibu huhitaji mfasiri, na kazi hiyo hupewa mzee wa nyumba. Mzee akishajua kwamba umeulizia ndoa, Hafez huanza kusema yale yale ambayo mzee amekuwa akiyasema tangu Ramadhani.